Siku Moja ya Njaa

Nakundwa alipoinamia darubini aliona kijani. Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono, akainama tena, na kijani kikamkodolea vilevile: seli mia moja ndani ya dirisha la kuhesabia, zote zinang'aa kama mahindi machanga baada ya mvua. Hakuna hata moja nyekundu.

"Umemaliza?" Olotu aliuliza nyuma yake.

"Bado."

Alikuwa amemaliza zamani. Mtu aliyehesabu seli za ngozi kwa miaka tisa hana haja ya kuhesabu mia moja zilizofanana. Alichotaka ni muda kidogo wa kuikunja hasira yake, maana akiinuka nayo hivihivi angemng'ata mtu.

Katika banda la ngozi la Magadini, rangi hizo mbili ndizo zilizokuwa sheria. Kila seli iliyooteshwa pale ilitiwa taa mbili ndogo. Taa nyekundu ilisema: bado nakula, nanenepa, najipima, nasikiliza majirani kama wameniachia nafasi, nakagua vinasaba vyangu kama jua halijavichana, sijavuka lango. Taa ya kijani ilisema: nimevuka, nanakili vinasaba vyangu, najiandaa kugawanyika niwe mbili. Ngozi njema haina pupa. Ukiichungulia wakati wowote, sita kati ya kumi ni nyekundu, zimetulia langoni zinangoja zamu. Na kwa jua la kule kwenye magadi, linalopiga kutoka juu kisha likapiga tena kutoka kwenye chumvi chini, hakuna mfanyakazi asiyekuwa na seli zilizochanika. Kungoja ndiko kulikowaweka hai.

Fungu la themanini na nane lilikuwa na umri wa siku nne tu, na ndani yake hakuna seli iliyongoja chochote.

"Tugeuke," alisema Mama Chausiku, mkubwa wao kwa umri na kwa zamu.

Wote watatu wakageukia ukuta, mikono nyuma.

Kanuni hiyo haikushuka kutoka ofisini. Zamani kulikuwa na mashine ya kuhesabu, na mashine ile ilisema sawa, sawa, sawa, hata ukiipa bakuli tupu. Watu wa magadi waligoma, wakalala siku kumi na tisa kwenye barabara ya chumvi mpaka mashine ikang'olewa. Mahali pake wakawekwa watu watatu. Kila mmoja anatazama peke yake, wanageukia ukuta, kisha wanageuka kwa pamoja na kutoa mikono mbele ya jicho la kabati la joto. Idadi ya vidole ni idadi ya nyekundu katika kila kumi. Ngumi ni sifuri. Wakipatana kwenye sita, ngozi inakwenda wodini. Wakipatana chini ya hapo, fungu halikupita: linabaki mikononi mwao, linangoja, na kitakachookolewa humo wanaweza kukipeleka wodini wenyewe. Wasipopatana, wanarudia. Na wasipopatana mara tatu, kabati linalimwaga fungu lote kwenye asidi, kwa sababu hesabu isiyopatana ni dalili kwamba kuna mhesabuji aliyeguswa. Sentensi hiyo ya mwisho aliiandika Nakundwa kwa mkono wake, chini ya turubai, siku ya kumi na nane ya mgomo.

"Moja, mbili, toa!"

Mama Chausiku alitoa vidole sita. Olotu alitoa sita. Nakundwa alitoa ngumi.

Kabati likalia mara moja, kama mbuzi aliyekanyagwa mguu.

"Dada, labda lenzi imekuchezea," Olotu alisema huku akitazama viatu vyake.

"Lenzi iko salama. Wewe sita umeziona wapi, mdogo wangu? Nionyeshe nyekundu moja tu. Moja! Nikubebe mgongoni mpaka kwenu."

"Nakundwa, acha maneno," alisema Mama Chausiku. "Unajua ni ngozi ya nani."

Hawakutakiwa kujua. Fungu lilipewa namba, halikupewa jina, na hilo pia walilipigania wenyewe ili mhesabuji asinunuliwe wala kuonewa haya. Lakini Magadini si mji wa kufichana. Wiki ile bomba la magadi ya moto lilipasuka, na aliyeungua hadi kuhitaji ngozi alikuwa mmoja tu, Daktari Rwechungura.

Kipaza sauti cha ukutani kikakohoa. Alikuwa Bi Maftah, meneja wa banda.

"Naona kuna ngumi huko. Bi Nakundwa, habari za mchana?"

"Umetia Kipitisho."

"Nimetia kitakachomwokoa mtu."

"Kilipigwa marufuku."

"Kilisimamishwa. Kanuni inasema dawa iliyosimamishwa ikitoa fungu likapita mikono mitatu, usimamishaji umekwisha. Si uliiandika wewe? Mimi naisoma tu." Akaongeza kwa sauti iliyopoa: "Daktari ana mpaka kesho magharibi. Baada ya hapo ni sumu ya damu. Hakuna ngozi nyingine ghalani. Mmebakiwa na hesabu mbili. Pumzikeni dakika arobaini."

Kipaza sauti kikazima.

Basi hilo ndilo walilotaka watu wa ofisini. Hawakuwa wanamhangaikia mzee peke yake. Walikuwa wanatafuta mlango wa kurudishia kitu chao, na mzee ndiye waliyempata wa kuwafungulia.

Ndani ya kila seli kuna protini ambayo watu wa banda waliiita mlinzi. Vinasaba vikichanika, mlinzi anainuka, anashika lango, anawaita mafundi washone. Kushona kukishindikana, anaiamuru seli ife, nayo inakufa kimya kwa faida ya jirani zake. Kipitisho kazi yake ni moja: kumlaza mlinzi usingizi. Ngozi ya wiki tatu inaota kwa siku nne. Zinaota seli nzima na zilizooza, zimeshikana mikono, na kwa jicho huwezi kuzitenga.

Miaka kumi na sita nyuma waliwavika watu arobaini na mmoja ngozi hiyo. Nakundwa wakati huo alikuwa muosha bakuli wa banda, hajui kiini wala utando. Dada yake Namsifu alivikwa begani na mgongoni. Akapona kwa wiki moja, akacheza kwenye harusi ya binamu yao, watu wakamwomba awaonyeshe bega. Mwaka wa nne likatoka fundo. Wa tano hakuumaliza. Wengine walifuata mmoja mmoja: Sikudhani wa mizani, Ole Kimirei, mapacha wa Kilindi, Mbaraka fundi wa pampu. Nakundwa aliwajua wote arobaini na mmoja kwa mpangilio wa kufa. Na katika kila cheti mkono uleule uliandika neno lilelile mbele ya sababu: jua. Mkono wa Rwechungura. Baada ya maziko ya Namsifu alianza kuokota vitabu vya mafunzo vilivyotupwa na maabara, akavisoma sakafuni huku bakuli zikikauka, mpaka akaweza kuwasahihisha waliovitupa.

Akavua glavu.

"Unakwenda wapi?" Olotu aliuliza.

"Kuvunja kanuni."

*

Rwechungura alilala ndani ya hema la mvuke, amefungwa nguo zilizolowa, uso tu ndio ulionusurika. Alikuwa mtu wa miaka ya kumzaa Nakundwa, lakini Nakundwa hakumpa shikamoo. Alisimama miguuni pa kitanda.

Kilichomuudhi kupita vyote ni namna mzee alivyoungua. Angependa awe ameungua akikimbia. Kumbe alikuwa ameshatoka nje, akarudi kuwavuta watumishi wawili wa pampu, na wa pili alipotoka ndipo bomba likammwagikia yeye.

"Nakundwa Mbwambo," alisema. Sauti ilikuwa kavu kama ganda. "Nilidhani ungekuja kucheka."

"Sijapata nafasi."

"Wametia Kipitisho. Siku nne, siyo? Nimewasikia wauguzi wanahesabu."

"Unaitaka?"

"Naitaka. Nitakudanganya nini? Naumwa, mama. Miaka mitano nikiipata nitapiga magoti."

"Namsifu hakuulizwa kama mitano itamtosha."

Mvuke ulipumua kati yao. 

"Lete karatasi," mzee alisema. "Nitaandika kwamba haikuwa jua. Nitataja ofisi, nitataja majina. Wewe kanyooshe vidole."

Karatasi alikuwa nayo. Alikuwa amekuja nayo imekunjwa ndani ya kanga, na kalamu pia, na kwa miaka kumi na mmoja tangu maziko alikuwa akiota saa hii hasa. Akaitoa. Akatazama vidole vya mzee vikitetemeka juu ya shuka kuitafuta, na papo hapo ile ndoto ikachacha. Mtu anayeungua angeandika kwamba mwezi ni chapati. Wakili yeyote wa shirika angeichana karatasi ile kwa swali moja. Tena kwa swali la haki.

Akairudisha ndani ya kanga.

"Sitaki hiyo. Niambie kitu kimoja ambacho hakikufaidii wewe."

 Mzee aliangalia mahali karatasi ilipopotelea ndani ya kanga.

"Siku moja," alisema hatimaye.

"Siku moja ya nini?"

"Ya njaa. Ukikisafisha Kipitisho kwenye seli, kisha ukazinyima chakula siku moja, zile nzima zinaelewa. Mlinzi wao anaamka. Zinaacha kukua, zinarudi kungoja langoni, zinakuwa nyekundu. Zile ambazo jua limemuua mlinzi wao hazijui njaa. Zinaendelea kugawanyika hivyohivyo, kijani. Unachuja kwa rangi. Unabaki na nzima."

 Kitu chenyewe kilikuwa rahisi mno. Seli nzima huwa inauliza kama kuna chakula kabla ya kukua. Hilo Nakundwa alilisoma ukurasa wa kwanza kabisa, sakafuni, kati ya bakuli.

"Mlijua lini?"

"Jaribio la kwanza. Kabla ya dada yako."

"Na hamkufanya."

"Ukichuja, theluthi mbili ya ngozi inapotea. Wodi ilikuwa imejaa na tanuri la magadi limesimama kwa kukosa watu. Wakauliza ofisini: tungoje siku moja, tuanze upya kwa waliokosa? Wakasema hapana."

"Walisema. Nani?"

"Tulisema."

Nje mtu alikokota ndoo, akapita. Nakundwa alishika chuma cha kitanda kwa sababu mkono ulitaka kushika kitu kingine.

"Basi utaingoja siku hiyo," alisema.

"Sina siku, Nakundwa!"

"Una mpaka kesho magharibi."

"Na theluthi moja hainitoshi. Tazama hii miguu."

"Haitakutosha yote."

"Na nikifa?"

"Nitaandika sababu yenyewe."

Akageuka. Alipofika mlangoni sauti ya mzee ikamfuata, ndogo, bila ukali.

"Unanilipiza, au unanitibu? Niambie tu nijue."

 Nakundwa aliuvuka ua wa banda kwenye jua la saa saba, chumvi ikimchoma machoni, na jambo lililomtisha ni kwamba alilitafuta jibu kifuani mwake akalikosa.

*

Aliwaeleza yote, wima, bila kupamba. Mama Chausiku alisikiliza akiwa ameshika kiuno. Olotu alijaribu kukaa akashindwa.

"Kwa hiyo njia ipo," Nakundwa alisema. "Tukipatana kwa kweli, fungu halimwagwi. Linabaki letu. Tunaliosha, tunalifungisha, kesho mchana tunachuja."

"Na akifa asubuhi?" Olotu alisema. "Dada, samahani, lakini unaua mtu kwa kanuni. Mtu anavuja maji hivi sasa. Nyoosha mkono, apone, halafu hicho Kipitisho tukigomee kesho kama mlivyokigomea mwanzo."

"Mwanzo tuligoma baada ya makaburi, Olotu. Hujui makaburi mangapi yanahitajika ili watu watoke nje. Mimi najua, ni arobaini na moja."

"Nakundwa." Mama Chausiku alilitamka jina polepole. "Mmoja wa wale wawili aliowavuta kwenye pampu ni Baba Tunu. Mume wangu. Jana nimempikia uji, ameunywa mwenyewe kwa mkono wake. Unaniambia nini mimi?"

 Kati ya yote aliyoyasoma Nakundwa, hili hakulikuta popote.

"Sina," alisema. "Tazama tu, mama. Tazama kilichomo, usitazame ni cha nani."

Kutajiana vidole kulikatazwa. Kabati lilikuwa na masikio kama lilivyokuwa na jicho. Basi wakatazama mmoja mmoja, kimya, na wakageukia ukuta.

Na hapo, pua yake ikiwa karibu na chokaa, Nakundwa Mbwambo akaanza kuwahesabu wenzake badala ya seli. Aliwaza: hawa hawatabadilika. Yule amefungwa na uji wa mumewe, huyu amefungwa na mkataba wake wa miezi mitatu. Watatoa sita. Nikitoa ngumi tena, na mara ya tatu tena, ngozi inakwenda kwenye asidi, na mzee anakufa kesho mkononi mwangu, si kwa jua wala kwa ofisi. Ukweli wangu hautakuwa umemponya mtu. Akaona miguu ile chini ya nguo zilizolowa. Vidole vyake vikafunguka vyenyewe mgongoni.

"Moja, mbili, toa!"

Olotu alitoa sita. Nakundwa alitoa sita. Mama Chausiku alitoa ngumi mbili, amezikaza mpaka viungo vimepauka.

Kabati lililia mara mbili.

 Kisha Mama Chausiku akamsogelea Nakundwa, akasimama karibu kabisa, machozi yakimchuruzika bila kuyajali.

"Wewe mwanamke," alisema. "Wewe! Nimemwacha mume wangu nyuma nikakufuata. Nafika, nakukuta umekimbia!"

"Mama, nilidhani..."

"Ulidhani! Miaka yote unatuhubiria, tukinywa chai unahubiri, tukizika unahubiri, leo nakuamini mara moja tu, unanidhania!"

Kipaza sauti kilikohoa. "Imebaki moja," alisema Bi Maftah, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na uhakika. "Jamani. Msije mkamwaga. Nawaomba."

Nakundwa alikaa kwenye kigoda cha darubini. Kuna mhesabuji aliyeguswa. Aliiandika yeye, akiwawazia watu wa bahasha na vitisho, na sasa aliyeguswa alikuwa yeye, na hakuna aliyemgusa ila woga. Alijua sasa seli iliyolazwa mlinzi inajisikiaje: haijisikii vibaya hata kidogo. Inajiona inasaidia.

"Samahani, mama," alisema. "Sitasema zaidi, lisije likasikia."

Olotu alikuwa amerudi kwenye darubini. Aliinama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasogeza dirisha la kuhesabia kushoto, akalisogeza kulia, akalirudisha. Jasho lilimdondoka kwenye meza.

"Mkataba wangu unaisha mwezi ujao," alisema bila kuinua kichwa, kama anayejisemea. "Mke wangu amejifungulia hapa. Mtoto atakulia hapa, kwenye jua hili hili." Akainuka. "Haya. Tugeuke."

Wakageukia ukuta. Nakundwa hakujua chochote. Mama Chausiku angeweza kurudi kwenye sita kwa hasira, na angekuwa na haki. Olotu angeweza kwenda kokote. Wakipishana kidole, mtu anakufa. Akajaribu kuwahesabu kwa pumzi zao, akaacha. Kilichobaki ni alichokiona kwenye lenzi. Akavikunja vidole vyake kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa kizito.

"Moja," alisema Mama Chausiku. "Mbili." Akanyamaza mno. "Toa!"

Ngumi sita mbele ya jicho la kabati.

Kabati lilinguruma ndani kwa ndani, likatulia. Taa yake ikawa ya manjano: linangoja.

"Mmefanya nini?" Bi Maftah alipiga kelele ukutani. "Mtaua mtu! Mama Chausiku, wewe una akili zako, mmefanya nini?"

"Meneja, punguza sauti," alisema Mama Chausiku huku akivaa glavu. "Tunaosha."

Waliosha mara nne. Wakaondoa chakula, wakaacha maji ya chumvi peke yake, na saa ilikuwa nane na robo. Seli ya kwanza ilirudi kuwa nyekundu jioni, pembezoni mwa dirisha, peke yake. Waliitazama kwa zamu kama mtoto mchanga. Alfajiri zilikuwa mbili katika kila kumi. Kutoka wodini zilikuja habari kila saa: homa imepanda, mkojo umepungua, anamwita mtu ambaye hakuna anayemjua. Saa tano asubuhi zikawa tatu. Saa sita zikagoma kwenye tatu, hazikuongezeka tena, nazo zile za kijani zikaendelea kugawanyika katikati ya njaa, mbili, nne, nane, zinanenepa kwa kitu kisichokuwepo. Olotu aliziangalia, akasonya. "Hizi ndizo tulitaka kumvika," alisema.

Wakachuja. Saa nane mchana ngozi ikapelekwa wodini, ndogo kama leso tatu zilizoshonwa.

Ilitosha kifua, shingo na nusu ya mgongo. Haikutosha miguu. Siku ya tatu wakamkata Rwechungura mguu wa kulia, siku ya tano homa ikashuka, na ya saba akaomba chai.

Mama Chausiku ndiye aliyeleta habari hiyo ya chai. Alimkuta Nakundwa nyuma ya banda, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hajavua hata koti la kazi.

"Ameishi," alisema Mama Chausiku. "Na Kipitisho hakikupita. Na sasa njia inajulikana. Hufurahi, mwanangu?"

Nakundwa alikuwa akitazama weupe wa magadi unaokwenda mpaka mwisho wa macho, mahali ambapo wanawake wa zamu ya mchana walikuwa wanainama na kuinuka.

"Tulikuwa watu watatu na ndoo ya maji ya chumvi," alisema. "Hatukuwa na kitu kingine, mama. Siku moja tu. Kwa nini haikuwa ya Namsifu?"

Mama Chausiku akapindua ndoo nyingine, akaketi kando yake.